Punda Aliyesemwa Yuko Chemba

Mjukuu wangu Zuhura,

Marhaba, shikamoo yako imefika. Babu yako mzima, anakohoa kidogo tu. Mama yako amepata meza ya mitumba Ipagala, na shangazi yako Mwajuma ndiye anayeita wateja, sauti unaijua. Mbuzi amezaa pacha.

Unasema wanafunzi wakiingia maktaba wananakili kitabu cha kwanza wanachokishika, na unaogopa watafeli nawe ndiye mwalimu wao wa kutafuta habari vitabuni. Mimi niliyeishia darasa la pili nikushauri nini? Ila nilipokuwa msichana, punda wetu wa kubeba maji alipotea. Mtu wa kwanza niliyemuuliza akasema, "Yuko Chemba." Nikatembea kutwa nzima hadi huko. Kule mama mmoja akanicheka: "We binti, huyo aliyekuambia alimwona au alisikia?"

Nikarudi nikimuuliza hivyo kila mtu, hadi nikampata aliyemwona kwa macho yake. Punda alikuwa nyuma ya zizi la jirani yetu, anatafuna mabua!

Jirani wa hapa kaniambia umekonda. Nikamuuliza, "Umemwona?" Akasema kasikia. Basi niandikie upesi, uniambie wewe mwenyewe.

Bibi yako