Siku ya Pili Haikusifiwa

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, na bati la jikoni limezibwa.

Siku hizi nafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Unajua nilivyo na haya. Wiki ya kwanza niliongea na ubao tu. Jumapili iliyopita tulisoma habari za uumbaji. Nikawaambia kwamba kila siku Mungu aliitazama kazi yake akaona ni njema. Mtoto mmoja, tunayemwita Wakili kwa ubishi wake, akafunua Biblia.

"Dada, unatudanganya! Siku ya pili hakusema hivyo. Kwani alifeli?"

Wenzake wakacheka. Nikatazama, na kweli maneno hayo hayamo. Wote wakanikodolea macho. Nikaendelea kusoma kwa sauti mpaka siku ya tatu, maji yalipokusanyika na nchi kavu ikaonekana.

"Hakufeli," nikasema. "Kazi ya kutenganisha maji aliyoianza siku ya pili ilikuwa haijaisha. Aliimaliza siku ya tatu, na siku hiyo akasema ni njema mara mbili."

"Haya basi, nimemsamehe," akasema Wakili.

Baba, matokeo ya mtihani yalitoka mwezi uliopita. Nimefeli. Mimi ndiye niliyemsihi Mama asikuambie. Naomba nirudie mtihani, halafu nisomee ualimu wa watoto wadogo, maana siku ile waliponikodolea macho wote sikutamani kukimbia. Ukikasirika nitaelewa. Ila jibu niandikie mimi mwenyewe, usipitishie kwa Mama.

Binti yako