Shuka la Koko Kwenye Mlingoti

Zahanati, upande wa Piyaya

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza makelele tangu mvua zikatike. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na nakuandikia ili mikono ipate kazi hadi saa kumi, redio kol, ile ya kuzungumza na hospitali, itakapofunguliwa.

Kuna mama mjamzito hapa, Naserian, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika tangu juzi na mtoto amelala vibaya, nasi hatuna chumba cha upasuaji. Asubuhi hii ndege ndogo ya wagonjwa imemchukua. Bado sijui kama yeye na mtoto wake wako hai. Kama hawapo, Mama, nina sehemu yangu katika hilo.

Unanijua mwanao ninavyoota macho wazi. Ulikuwa ukinituma chumvi, narudi na maua. Basi pembeni ya kiwanja chetu cha ndege, ambacho ni uwanda tu wa nyasi zilizofyekwa, kuna mlingoti wenye mfuko wa kitambaa. Mfuko ukijaa upepo, rubani aliye juu anajua aingilie upande gani. Kapteni Samweli, rubani wetu, kijana wa Arusha, alishanieleza: "Sista, ndege hii inatua ikiutazama upepo usoni. Upepo ukiisukuma kwa nyuma, haitaki kusimama."

Wiki iliyopita mfuko ulichanika. Mama mkwe wa Naserian, ambaye wote tunamwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai, akanipa shuka lake jekundu. Nikalikunja mara mbili lisichanike, nikalishona kama mfuko, nikalipandisha. Lilipendeza mno juu ya ule uwanda mkavu! Nilikaa chini nikilitazama hadi chai ikapoa. Sikujiuliza hata kidogo kama upepo utaweza kulinyanyua.

Leo ndege ilitokea upande wa milima ya kreta, ndogo, ikielea polepole kana kwamba haina haraka na mtu. Wanaume walikuwa wameshaswaga ng'ombe nje ya kiwanja. Shuka lilining'inia tu, zito. Kapteni akaamini hakuna upepo. Akashuka, akashuka, lakini magurudumu hayakugusa. Ndege iliteleza hewani mpaka ikapita nusu ya kiwanja. Mara injini ikanguruma, ikapanda juu ya vichwa vyetu na kwenda zake.

"Imetukataa?" Koko akauliza. "Sista, imemwacha mtoto wangu?"

Naserian alikuwa kwenye machela, amenishika kidole. Hapo ndipo nilipoona vumbi la ng'ombe likikimbilia kule kule ilikokwenda ndege. Upepo ulikuwepo, tena mgongoni mwa ndege, na shuka langu lilikuwa limeuficha.

"Koko, moto! Lete moto na majani mabichi!"

Alikimbia na makaa ya chai kwenye sufuria, mzee yule. Wanawake wakatupia majani na mavi ya ng'ombe. Moshi haukupanda, ulilala chini, mrefu, mweupe. Ndege ikazunguka kwa mbali bila sauti, nami nikadhani naota tena. Kisha ikaja kutoka upande wa pili, moshi ukiijia usoni, ikagusa mapema na kusimama mbele yetu.

Nilimwambia Kapteni kosa langu pale pale. Akalitazama shuka.

"Ningelazimisha, ningeishia kwenye korongo la mwisho wa kiwanja," akasema. "Kupanda tena siyo aibu, sista. Lakini lishushe hilo."

Koko sijamwambia. Amekaa nje ya dirisha langu tangu asubuhi, na kila nikinyanyua kichwa ananitazama.

Nisalimie Baba, kaka fundi seremala, na shangazi wa kwaya. Bibi mwambie sweta lake ndilo nililovaa.

Ni mimi mwanao,
Aika

Saa kumi na robo. Mama, redio imeita. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake anaomba uji. Nilitoka mbio nikamwambia Koko, kisha nikamweleza na habari ya shuka, yote, huku nalia. Akanivuta kichwa akanitemea mate kwenye paji la uso, ndivyo wazee wa hapa wanavyombariki mtoto wao. Hayajakauka, Mama, na sitaki kuyafuta.