Kifungio Nilichokifunika

Mwanza,
Ijumaa, baada ya swala

Dada Zuhura, shikamoo.

Nyonga inaendeleaje? Umeanza kukaa mwenyewe, au bado mama anakuinua? Ufuta wa hapo Nandagala umeshavunwa? Mimi mwili mzima. Nimekupigia simu mara tatu nikitaka kusema hili, kila mara nikaishia kuuliza habari za mvua.

Mama ameniambia watu wa bima hawatakulipa fidia yote. Wanasema sheria ilikutaka ufunge mkanda, hukufunga, basi na wewe umechangia kuumia kwako. Wewe unawaambia kifungio cha mkanda kilikuwa chini ya kava ya kiti, ukaushika mkanda kwa mkono. Mjomba Selemani anasema gari lake halijawahi kuwa na kava, na walipokuja kukagua walikikuta kifungio wazi kabisa. Hata mama kaninong'oneza kwenye simu, "Dada yako naye, si akiri tu yaishe." Nililia dukani mbele ya wateja.

Dada, husemi uongo. Kile kifungio nilikifunika mimi.

Unakumbuka Idi ile nilipokuja na kitambaa chekundu cha viti vya gari la mjomba? Nilishonea uani, wewe ukinishikia uzi. Ulipoingia ndani kupika, nikataka kukata matundu ya vifungio. Mjomba akanikataza.

"Usinitobolee kitambaa, mpwa wangu. Trafiki anaangalia mkanda kifuani, haangalii kiunoni kama umefungwa. Changu cha dereva tu ndicho ukiache wazi."

Tukacheka. Nami kwa kupenda sifa nikavisukuma vifungio chini, nikavuta kitambaa kikanyooka. Wewe ndiye wa kwanza kukaa kile kiti cha mbele. Ukasema, "Haya, sasa mdogo wangu fundi!"

Halafu siku ile ya ajali, mnatoka na mjomba Nachingwea kwenda Ruangwa, tairi likapasuka, gari likaingia mtaroni. Mjomba akatoka na michubuko. Wiki hiyohiyo alinipigia: "Kava nimezichoma, wakiziona kosa litakuwa langu. Wewe nyamaza, mimi ndiye niliyewalea." Kweli katulea, na korosho zake ndizo zilizonipeleka kujifunza ufundi. Nikanyamaza. Miezi miwili, dada, huku wewe unaitwa mwongo ukiwa kitandani! Najionea aibu hata kuandika.

Humu ndani ya bahasha kuna picha nilizopiga siku ile ya kushona ili niwaonyeshe wateja. Kiti chako kinaonekana chote, kifungio hakionekani. Mpe yule wakili anayekusaidia, pamoja na barua hii. Akiniita nitakuja, nitasema mbele ya mjomba. Najua ukoo utanitenga.

Siku hizi kila kava naianza kwa kukata matundu. Juzi mteja kalalamika kwamba yanaharibu pambo. Nikaendelea kukata.

Nisalimie shemeji anayekufulia, na mwanao Asha, mwambie mjomba wake anamkumbuka. Mjomba Selemani naye mpe shikamoo yangu, hiyo sijamnyima. Mama ukishamsomea, mfungulie kile kiganja chako cha kulia. Ameniambia kina kovu refu, na hajui limetoka wapi, maana nyonga ndiyo iliyovunjika. Mwambie ni mkanda huo, ulikuchuna ulipochomoka mkononi. Ulikuwa umeushika.

Mdogo wako,
Hamisi