Ramani Mbili Juu ya Meza Yangu

Jumatano usiku, Bwera

Na meza yangu bado inanuka mafuta ya lori.

Mume wangu na Baluku, dereva wake, wameishika tangu mchana. Wanataka kupeleka chumvi ya hapa kwetu, ya ziwa la Kabatoro, hadi lile jangwa la kaskazini mwa Kenya, kwa wafugaji wa ngamia. Kila mmoja na ramani yake. Baluku ana ya zamani, ya marehemu baba yake, ambamo barabara inapita katikati ya jangwa. Mume wangu ana mpya, na humo barabara inazunguka mbali kama mbuzi anayekwepa dimbwi.

"Mutu wa ramani yako alisinzia," Baluku akasema. "Mukono ukateleza."

Wakanuniana mpaka chai ikapoa. Kwa barabara ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Nilipokuja kuondoa vikombe, nikaona ile mpya inazunguka doa kubwa jeupe. Nikauliza ni nini. Baluku akasoma yale maandishi madogo, kisha akakaa.

Ni chumvi. Bonde zima la chumvi, imelala chini bure.

Mume wangu akakunja ramani yake taratibu. "Labda yetu iko tamu zaidi."

Nina wasiwasi kweli, maana magunia ya chumvi tuliyokwisha kununua yamejaa hadi chumbani. Baluku anashauri tuyavushe hadi Congo, hapo ng'ambo ya mto, ambako nasikia jogoo wao wakiwika nikiwa jikoni.

Kesho ataleta ramani ya huko.