Wanawake wa Rangi

Jumamosi, 7 Julai 2018

Nuf, binti wa madam, amerudi likizo kutoka chuo Amerika. Leo amenikuta jikoni nikikata vitunguu, akaniambia kwa Kiingereza: mimi na wewe ni women of color. Wanawake wa rangi. Nikacheka — rangi gani? Akasema ni jina la heshima, la wanawake wote wasio wazungu. La kusimama pamoja. Huko, mwanamume mmoja alimfokea kwenye treni, ati arudi kwao. Alipofika hapo akalia. Nikaweka kisu chini. Nilimhurumia, kwa kweli!

Jumatatu, 9 Julai

Bado nawaza lile jina. Kwa Kiswahili linanichekesha. Kama nguo zisizotakiwa kuchanganywa na nyeupe kwenye mashine.

Kwetu Kakamega hakuna aliyewahi kuniita mweusi. Mimi ni Mama Ivy. Weusi niliupata nikishuka kwenye ndege hapa Jeddah. Nyanya wa nyumba hii, asiyeweza kutembea tangu apooze, huniita abda — mtumwa. Hasemi kwa hasira. Anasema kama anayeomba kijiko.

Roselyne amenitumia voice kutoka Riyadh, naye yuko kazi hizi hizi. Ati hilo jina ni la Amerika, hapa sisi ni shagala tu, wa kufua na kupika. Kama mko kitu kimoja, akasema, basi Nuf akuombee eksiti, kibali cha kutoka nchini, urudi nyumbani!

Jumatano, 11 Julai

Nimethubutu. Nimemwambia Nuf mkataba wangu uliisha Aprili, na bila eksiti ya kafili, mwajiri aliyenidhamini, sitoki. Madam alisema ningoje Ramadhani iishe. Sasa anasema Hija. Na Ivy wangu anafanya mtihani wa KCPE mwaka huu!

Nuf hakujua. Uso ulimwiva. Ameahidi kuongea.

Ijumaa, 13 Julai

Chakula cha mchana. Wote mezani, Nyanya kwenye kiti chake cha magurudumu. "Abda, maji!" Nuf akasimama. Asiitwe hivyo tena! Nyanya akashangaa kabisa, akauliza aniiteje sasa. Nuf akamwambia: Selipher. Akajaribu mara tatu — "Silifa." Mama wa watu, alijaribu kweli. Sikujua nicheke au nilie.

Kisha Nuf akasema mkataba umeisha, niachwe niende kwetu. Madam hakupandisha sauti. "Sawa. Eksiti atapata. Na kuanzia leo wewe ndiwe utakayemwinua nyanya yako, umwogeshe, umbadilishe."

Nuf akakaa.

Saa kumi amekuja chumbani kwangu. Akasema: kaa mwezi mmoja tu, Selipher, mpaka nirudi chuoni. Sijawahi kumwinua. Alikuwa anaomba, haamrishi. Hapo ndipo pagumu.

Nilichukua mto nikamwonyesha: mkono huu chini ya bega, huu chini ya magoti. Nikampa glavu. Ameenda kwa Nyanya peke yake.

Sasa namsikia Nyanya. Hamwiti Nuf. "Silifa! Silifa!"

Bado nimekaa.