Daftari la Rubani

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu limenuna. Bibi yako amedhoofu, ulimi tu ndio haujadhoofu, jana kamwambia daktari, "Pole baba, unaonekana mgonjwa kuliko mimi." Anataka azikwe kando ya Babu yako, jiwe la kaburi liwe moja. Fundi anadai tarehe ya kuzaliwa ya Babu. Wewe unashinda na nyaraka za zamani, hebu itafute. Wakati wa vita alikuwa dereva wa jeshi.

Barua yako nilimsomea kitandani, mara mbili, kama kawaida yetu.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Pole na goti. Tarehe nimeipata: 2 Novemba.

Babu hakuwa dereva. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu, upande wa adui. Daftari lake la safari za angani tunalo hapa kazini, limeandikwa kwa mkono wake. Tarehe 9 Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi: soko la mji wenu. Ndipo walipofia wazazi wa Bibi na mdogo wake. Nimelinganisha tarehe mara tatu. Pembeni ameandika kwa penseli: "Msichana juu ya paa, anaanika shuka. Hakukimbia." Baada ya hapo hakuruka tena.

Barua hii isome peke yako. Usimsomee Bibi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salama? Wewe na utaratibu wako, onyo unaliweka mwisho. Nilipofika kwenye soko sauti ilikatika. Bibi akasema, "Endelea, umemeza nini?" Nikasoma yote, hata hilo la kutomsomea.

Aliisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Shuka zilikuwa nne. Nilidhani ni ndege yetu, nikaipungia mkono."

Baadaye tena: "Miaka arobaini na moja marehemu alinikataza nisipande juu ya paa. Nguo akianika mwenyewe. Na mimi nikiwaringia majirani kwamba nimepata mume."

Kaburi hajalitaja tena. Fundi nimemwambia asubiri.

Mama yako

11 Aprili

Mama, shikamoo.

Nisamehe, na uniombee msamaha kwa Bibi. Usiku namwona Babu kwenye kamba ya kuanikia nguo, na vibanio mdomoni. Sijui kama alikuja kumtafuta Bibi, au alimkuta tu. Daftari halisemi. Muulize Bibi anataka kulala wapi. Popote atakapotaja, nitakuja kusimamia.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu. Bibi yako ametutoka jana asubuhi.

Nilimuuliza ulivyotaka. Alisema, "Nizikeni kando yake, nilishamwahidi. Lakini mawe yawe mawili, na kati yetu acheni nafasi ya watu watatu."

Mchimba kaburi amepima. Akaniuliza hao watatu watakuja lini. Nimemwambia wameshafika.

Mama yako