Sauti ya Raketi Mpya

Alhamisi, baada ya Isha

Bado nausikia wepesi wake mkononi, utadhani mkono wenyewe unaelea.

Raketi ya kaboni niliifungulia dukani kwetu Kariakoo, katikati ya majora ya vitenge, nikaichezesha hewani mpaka wateja wakacheka. Jioni nikaenda nayo Upanga kwa Ami Saleh, mdogo wake baba, aliyenifundisha mpira wa meza. Kabla ya leo sikuwahi kumfunga hata siku moja.

Leo nimemfunga seti tatu mfululizo. Mpira uliondoka wenyewe, laini, kama ndotoni, naye akawa anachelewa, anapiga hewa.

Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi sana.

Kisha akaweka raketi yake mezani. "Mwanangu, kesho njoo na ile yako ya mbao. Sauti ya hii siijui."

"Sauti ya nini tena, Ami?"

"Macho yangu yanaona ukungu tu siku hizi. Mpira wako nausikia."

Miaka yote hii nilidhani ananitazama. Tangu lini... Na mkewe anajua? Sikuthubutu kuuliza.

Ya mbao nimeshaitia kwenye mkoba. Kesho nitapiga kwa nguvu, anisikie vizuri.